Duara la Kilomita Tano

Mdogo wangu hakuwahi kuielewa kazi yangu, na kosa halikuwa lake. Kila aliponiuliza nilimpa jibu tofauti. Mara nilisema nachora ramani, mara nilisema natunza taarifa, na siku moja nilipokuwa nimechoka nikamwambia tu kwamba nakaa mbele ya kompyuta. Alicheka sana. "Dada, yaani umesoma miaka yote ile ukaishia kukaa?" Yeye alilima kabichi na njegere bondeni, ng'ambo ya Soni, na siku za soko alitoka na mzigo kichwani kabla jua halijachomoza. Kukaa, kwake, ilikuwa shughuli ya mgonjwa.

Basi nikampeleka ofisini akaone. Mradi ulioniajiri ulikuwa na vyumba viwili pale Lushoto mjini, juu ya duka la pembejeo, hata ngazi zilinuka dawa ya nyanya. Nilimkalisha mbele ya skrini nikamwonyesha milima ikiwa mitupu. Kisha nikaweka mito juu yake, kisha barabara, kisha mashamba, kisha nyumba, tabaka moja baada ya jingine. Alitazama, halafu akasema, "Kumbe mnaivisha nchi nguo." Mpaka leo sijasikia maelezo bora ya mfumo wa taarifa za kijiografia, na nimekaa kwenye semina nyingi.

Nikaisogeza picha ya setilaiti hadi kijijini kwake. Bati lake jipya lilikuwa linang'aa kama kijiko. Akajivuta nyuma kidogo.

"Na sasa hivi wananiona?"

"Hapana. Hii ni picha ya zamani. Tazama, hata mparachichi wenu bado umesimama."

"Ule ulioangukia choo?" Akacheka tena. "Basi waambie wenzako ramani yao imepitwa. Mti umeshakuwa kuni."

Nilimchapishia ile picha ya nyumba yake akaenda nayo imekunjwa ndani ya kitenge.

Kazi yenyewe niliipenda, nakiri. Niliipenda kwa sababu ya watu iliowaleta mlangoni. Bwana misitu wa Shume alikuja na tope hadi magotini, akitaka kujua miti ya mwaka gani imepandwa wapi, na moto ukianza upande huu utakimbilia upande gani. Bwana shamba aliuliza mabonde yanayoshika baridi kali, yale ambayo viazi huamka asubuhi majani yake yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Fundi wa maji alikuwa mtu wa maneno machache. Alileta daftari lililolowa, chemchemi zote ameziandika kwa kalamu ya risasi, na akangoja niziingize moja moja huku akinisahihisha matamshi ya majina ya vitongoji. Afisa ardhi yeye hakuona mlima wala mto. Aliona mipaka, na nyuma ya kila mpaka aliona ndugu wawili wasiosalimiana. Mlima ulikuwa ule ule, na kila mmoja alikuja kuchukua wa kwake. Mimi niliyekuwa katikati nikajiona naujua wote.

Kisha akaja muuguzi. Alikuwa mama wa makamo, mratibu wa afya ya uzazi, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyokwisha kisigino upande mmoja.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba binti. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua kila nyumba ilipo."

Alitaka ramani ya zahanati. Kulikuwa na matumaini ya kupata fedha za kuongeza huduma za wajawazito, na alihitaji kuonyesha kina mama wasiofikiwa wako wapi. Ombi lilikuwa jepesi. Nilikuwa na zahanati zote, nilikuwa na nyumba. Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni: kila zahanati nikaizungushia duara la kilomita tano. Nyumba zilizoangukia ndani ya duara zikawa za bluu, maana yake zimefikiwa. Zilizobaki nje zikawa nyekundu. Kompyuta ilimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Ramani ilipendeza. Muuguzi aliipeleka kwenye ripoti yake, na nakala kubwa tukaibandika ukutani kwetu. Kijiji cha mdogo wangu kilikuwa ndani ya duara, karibu na ukingo wake. Nilikitafuta kwa makusudi, kama mtu anavyotafuta uso wake kwenye picha ya darasa, na nikafurahi kukikuta na rangi ya bluu.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu. Njia ya kutoka kijijini kule hadi zahanati naijua. Nimezaliwa upande ule. Kati ya kijiji na zahanati kuna korongo, unashuka mpaka magoti yanatetemeka, unavuka mto kwa magogo mawili, unapanda tena ukishika mizizi. Nikiwa mtoto nilipita pale nikipelekwa chanjo, na mama alikuwa akipumzika mara nne. Mvua za masika zikikolea, mto huondoka na magogo yake, na hapo inabidi kuzunguka kwa juu, kufuata mgongo wa mlima hadi barabara ya vumbi. Yote haya niliyajua. Nilipochora lile duara halikunijia hata moja. Nilipima kama anavyopima ndege.

Mdogo wangu alikuwa na binti wa miaka sita, na mwaka ule alikuwa na mimba ya pili. Alihudhuria kliniki bila kukosa. Alinipigia simu akilalamika kuhusu lile korongo, kwamba safari hii mtoto ni mzito, na mimi nikamwambia mwezi wa mwisho aje akae kwangu Lushoto, karibu na hospitali. Alikubali. Alisema amalizie kwanza kuvuna njegere, maana zisipochumwa kwa wakati hukomaa zikawa ngumu. Tukapanga aje Jumamosi.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimewasha kompyuta pale shemeji yangu, mume wake, aliponipigia.

"Shemeji, anatoka damu."

"Nyingi?"

Alisema, "Tumemweka kwenye machela. Mto haupitiki."

Nilimwambia wazunguke kwa juu, nitakutana nao pale njia inapotokeza barabarani. Nilisema hivyo nikiwa natazama skrini, kidole changu kimegusa mahali penyewe. Kwenye skrini palikuwa karibu sana. Dereva wa mradi alikuwa akinywa chai kwa mama ntilie. Aliniona uso akakiacha kikombe nusu.

Tulishuka hadi Soni, tukaacha lami, tukapanda ile barabara ya vumbi ambayo siku hiyo ilikuwa uji. Mara mbili gari lilikwama, na mara mbili watu waliokuwa mashambani waliacha majembe wakaja kusukuma bila kuitwa. Tulifika pale njia inapotokeza, hapakuwa na mtu. Nikapiga simu, haikupatikana. Dereva aligeuza gari likatazama tulikotoka, akafungua mlango wa nyuma, akatandika koti lake juu ya kiti. Tukangoja.

Tulingoja zaidi ya saa mbili. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kila uliposogea nilidhani nimeona watu. Mwishowe nikasikia sauti kabla ya kuwaona, wanaume wakipokezana maneno kwa Kishambaa: shika huku, taratibu, jiwe hilo. Walitokeza sita, wamevaa gambuti na nailoni mabegani, wamebeba shuka lililofungwa kwenye miti miwili. Shemeji alikuwa mbele. Mama yangu alikuwa nyuma, peku, viatu ameviacha njiani.

Mdogo wangu alifungua macho nilipoinama.

"Dada, umekuja."

"Nimekuja. Gari liko hapa."

"Nasikia baridi," akasema. Kisha akauliza nani amebaki na mtoto. Nikamwambia jirani. Akafumba macho, kama mtu aliyeridhika na jibu.

Tulimweka kichwa mapajani mwangu. Mama alishika miguu yake akawa anaisugua. Tulipofika kwenye lami dereva aliongeza mwendo, na mimi nilikuwa nikimwambia mdogo wangu tumepita wapi: hili soko la Soni, hii kona, haya maporomoko. Nilimtajia kila mahali. Sijui alisikia mpaka wapi. Kabla hatujaingia mjini mama aliacha kusugua. Hakulia. Alichukua ncha ya khanga yake akamfunika miguu, polepole, na hapo nikajua.

Mtoto wa tumboni naye hakuishi. Waliwekwa pamoja.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, na mvua ilipumzika kidogo, ardhi ikachimbika. Kwaya ya kanisa iliimba kwa Kishambaa, na kina mama walileta mikungu ya ndizi na maharage, jiko likawaka nyuma ya nyumba kama kwenye misiba yote. Mimi nilikaa chini na mama. Binti wa mdogo wangu alinilalia mapajani.

Jioni, watu walipoanza kutawanyika, alinijia mzee mmoja, jirani yao, aliyekuwa miongoni mwa wale sita. Mikono yake ilikuwa bado ina malengelenge ya ile miti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Pole." Akakaa kwenye benchi, kisha akaniuliza kwa upole, bila hasira yoyote: "Wewe si ndiye unayefanya kazi ya ramani? Nilitaka kujua. Ile njia tuliyompitisha, wanaijua kule ofisini? Ipo?"

Njia haikuwepo. Kulikuwa na duara.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Ramani ilikuwa bado ukutani, bluu yake imekaa vizuri. Muuguzi alikuja kunipa pole. Alinishika mkono akakaa nao muda mrefu, na alipotaka kuondoka nikamwambia, "Mama, ile ramani niliyokupa ni ya uongo."

"Siyo uongo, binti. Ni makadirio. Wote wanachora hivyo."

"Mdogo wangu alikuwa wa bluu."

Alitazama ukutani. Nikamwonyesha kwa kidole. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatazama tena. Kisha akavuta kiti. "Niambie inavyotakiwa kuwa," akasema.

Nilimwambia tupime kwa saa za kutembea: mjamzito, au watu waliobeba machela, siku ya mvua. Ili kujua hilo nilihitaji mambo ambayo hayakuwa kwenye picha ya setilaiti, maana njia zetu zimefichwa na miti. Nikaanza kuwarudia wale wale waliokuwa wakija mlangoni kuchukua, safari hii mimi ndiye niliyeomba. Bwana misitu alinipa njia za doria ambazo walinzi wake hupita. Fundi wa maji akakaa na mimi siku nzima akinionyesha ni vijito gani hujaa masika na kwa siku ngapi, na kivuko kipi huenda na maji. Bwana shamba alijua barabara ambazo magari ya kabichi huweza kupita na zile ambazo madereva huzikataa mvua ikianza. Hata afisa ardhi alikuwa na kitu: vipenyo vya zamani kati ya mashamba, ambavyo watu waligombania mahakamani lakini bado vinapitika. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande. Hakuna aliyewahi kuulizwa na mwenzake.

Njia moja nilitaka kuitembea mwenyewe. Nilimwomba shemeji na yule mzee wanipeleke, kutoka mlangoni kwa mdogo wangu hadi barabarani, kama walivyopita siku ile. Nilishika kifaa cha GPS kinachorekodi njia, nao wakatangulia. Kila walipokuwa wamesimama siku ile, walisimama.

"Hapa tulibadilishana," mzee alisema. Nikaandika.

"Hapa aliteleza aliyekuwa nyuma, tukashusha chini." Nikaandika.

Kwenye kituo cha nne, penye mwamba na migomba miwili, shemeji alisimama akageuka pembeni. "Hapa aliomba maji," alisema. "Hatukuwa nayo. Mvua inanyesha namna ile, na hatukuwa na maji ya kumpa." Akachuchumaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mzee alisimama karibu naye, mkono begani, akitazama bonde.

Kifaa kilikuwa kinasubiri mkononi mwangu. Ukihifadhi nukta kinakuuliza jina, na hakikuachii uendelee bila kukipa kitu. Niliandika nambari nne.

Ramani mpya ilichukua miezi mitatu. Ilipokamilika, maduara yote yalikuwa yamepotea. Kila zahanati ilizungukwa na umbo lililochanika, refu kufuata mgongo wa mlima, limekatika ghafla kwenye korongo. Kijiji cha mdogo wangu kilikuwa chekundu. Vingine vingi navyo, ambavyo mimi nilivitia rangi ya bluu wakati nangoja chai ipoe.

Tuliipeleka kwenye kikao. Muuguzi ndiye aliyezungumza, mimi nilikuwa nikibadilisha picha ukutani. Alipomaliza, mwenyekiti wa kikao akaweka ramani mbili ubavu kwa ubavu akauliza, "Kwa hiyo kina mama hawa walifikiwa, halafu sasa hawajafikiwa? Kuna kilichobadilika?"

Nikasimama. "Hakuna kilichobadilika, mheshimiwa. Nilikosea mimi."

Sikueleza zaidi. Muuguzi, aliyejua habari ya mdogo wangu, alikuwa anatazama meza.

Yaliyotokea baada ya hapo siyo makubwa. Daraja la kuvuka korongo liliandikwa kwenye mipango, na hadi ninapoandika haya bado ni magogo mawili. Zahanati mpya haikupatikana. Kilichopatikana ni nyumba ndogo kando ya kituo cha afya, vitanda vinne na jiko, ambapo mjamzito wa vijiji vile vyekundu huja kusubiri wiki zake za mwisho. Wahudumu wa vijiji walipewa orodha kutoka kwenye ramani, wakawa wanawafuata kina mama majumbani mapema. Muuguzi hunipigia simu mara kwa mara kunieleza: leo ametoka mmoja na mapacha, leo wamejaa hadi wanalala wawili wawili. Najua ananipigia kwa nini. Namshukuru, na nikikata simu huwa natoka nje kidogo.

Wanafunzi huletwa ofisini siku hizi kujifunza. Nawaonyesha bwana misitu anavyotumia mfumo, bwana shamba anavyoutumia, watu wa maji, watu wa afya. Tukifika kwenye duara nawaambia ni rahisi kulichora, na kwamba kabla ya kulichora waulize mtu aliyetembea. Wanaandika kwenye madaftari. Wengine ni wa huku huku milimani, nao wanaandika tu, kama nilivyoandika mimi.

Binti wa mdogo wangu anaishi na mimi, anasoma Lushoto. Wakati wa likizo namrudisha kwa baba yake na kwa bibi. Mwaka jana, kipindi cha Pasaka, tulikuwa kwa mama, tumekaa jikoni tunamenya maharage mabichi, mtoto akiwa ametoka kucheza. Mama hajawahi kwenda kuiona ile nyumba ya kusubiria. Nilimwalika mara mbili, akasema miguu inamuuma.

Siku hiyo aliniuliza bila kuinua macho. "Mwanangu, ungeichora hii ramani ya pili kwanza. Angekuwepo?"

Nimeshawahi kujibu maswali magumu mbele ya watu wenye vyeo. Nilifikiria njegere zilizokuwa hazijavunwa, fedha ambazo huenda zisingekuja, nyumba ambayo huenda isingejengwa kwa wakati. Nilifikiria kwamba ningeona ule wekundu juu ya bati lake, nisingengoja Jumamosi.

"Sijui, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole. Akasogeza bakuli likawa katikati yetu, tukaendelea kumenya.